Dominika ya Tano ya Kwaresima: Wageni Waliotaka Kumwona Yesu



Wale mliokwisha kufika kanisani asubuhi ya leo huenda mmekuta misalaba imefunikwa kwa vitambaa vya zambarau. Ni desturi ya zamani ya Dominika hii ya tano ya Kwaresima. Watoto huuliza sababu, na sisi wakubwa mara nyingi hatuna jibu jema la kuwapa. Ajabu yake ni hii, kwamba siku zile zile tunapokaribia kuutazama msalaba kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, ndipo tunapoufunika usionekane.

Injili tuliyoisikia ni ile ya Yohane, sura ya 12. Katika umati uliopanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu walikuwamo Wayunani, watu wa lugha nyingine na taifa jingine. Wakamwendea Filipo, wakamweleza haja yao: walitaka kumwona Yesu. Filipo hakuthubutu kulichukua neno hilo peke yake. Akamtafuta Andrea, ndipo wakaenda wote wawili. Naye Bwana, badala ya kuwaita wageni wale wakaribie, akaanza kuzungumza habari za chembe ya ngano ambayo haina budi kuzikwa kwanza udongoni ili izae. Mwinjili hatuambii kama Wayunani wale walimwona, au kama walirudi kwao mikono mitupu. Habari yao inakatika papo hapo.

Kila mara tunapolisoma somo hili tunajiuliza: jibu gani hili? Wageni wanabisha mlangoni, nao wanajibiwa habari za mazishi ya mbegu. Basi leo tunapenda kuwapeleka mbali, kwenye nchi ambayo historia ya Injili ndani yake inatusaidia kulielewa jibu hilo, au walau kukubali kwamba si jibu jepesi.

Nchi hiyo ni Kambodia, katika Asia ya Kusini-Mashariki, nayo ni nchi ya Wakhmer. Hawa ni watu wa mpunga na samaki, wakaao kando ya mto Mekong na ziwa la Tonle Sap, ziwa la ajabu ambalo mto wake, majira ya mvua yanapofika, hugeuza mkondo na kuyarudisha maji nyuma. Mababu zao walijenga Angkor Wat katika karne ya 12, jengo la ibada ambalo hata leo huhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Kwa karne nyingi wamekuwa Wabuddha. Katika kijiji cha Kikhmer pagoda ndiyo iliyokuwa shule, ndiyo iliyokuwa baraza, na ndipo wafu walipoagwa. Kuwa Mkhmer na kuwa Mbuddha, machoni pa wengi wao, ni jambo moja. Kwa hiyo Mkristo aliyefika kwao hakuwakuta watu wasio na dini, watu waliokaa gizani wakimngojea yeye. Aliwakuta watu wenye sala zao, mafunzo yao na watawa wao, wala hawakuona kwamba wamepungukiwa.

Mhubiri wa kwanza tunayemjua kwa undani ni Gaspar da Cruz, padre Mdominiko kutoka Ureno. Alifika Lovek, mji mkuu wa wakati ule, mwaka 1555, akiwa na matumaini kwamba mfalme angependa kuisikia Habari Njema. Alikaa yapata mwaka mmoja. Akaona kwamba mfalme amezungukwa na makuhani wa Kibrahmani, kwamba raia hawathubutu kufanya neno kubwa pasipo idhini ya mfalme, na kwamba watawa wa Kibuddha wanaheshimiwa mno na watu wote. Mwaka 1556 akaondoka kwenda China. Baadaye, katika kitabu chake kilichochapwa Évora mwaka 1570, alitoa hesabu ya kazi yake yote ya Kambodia: alimbatiza mtu mmoja tu, na mtu huyo alimwacha kaburini.

Mtu mmoja, naye maiti! Ndugu wapendwa, sisi tumezoea taarifa za kila mwaka zenye idadi ya waliobatizwa, waliopewa Kipaimara na waliofunga ndoa, na namba zikipungua tunaona haya kuzisoma mbele ya watu. Padre huyu hakuona haya. Aliiandika hesabu yake kama ilivyokuwa, na kitabu kikaenda kwa wasomaji. Hakutuachia jina la mtu yule aliyembatiza. Hatujui alikuwa mzee au kijana, mwenyeji wa Lovek au mpita njia. Tunajua tu kwamba Mkristo wa kwanza wa nchi ile anayetajwa katika maandishi alikuwa tayari amezikwa.

Waliomfuata hawakuwa wote watu wa kusifiwa. Katika miaka ya 1590 Wareno na Wahispania wenye bunduki, wakiongozwa na Diogo Veloso na Blas Ruiz, walijiingiza katika ugomvi wa kiti cha ufalme, wakamwua mfalme mmoja na kumsimika mwingine. Pamoja nao walikuwamo mapadre. Mwaka 1599 Veloso na Ruiz nao wakauawa, wao na wengi wa wenzao. Haihitaji elimu kubwa kutambua kwamba jina la Kristo lililofika likining'inia kwenye ncha ya bunduki halikuwapa Wakhmer sababu ya kulipenda.

Karne ya 17 walikuja Wamisionari wa Paris, watu wavumilivu, na mwaka 1850 Kambodia ikapewa askofu wake, Jean-Claude Miche. Mwaka 1863 Ufaransa ikaiweka nchi chini ya ulinzi wake, yaani chini ya utawala wake. Makanisa yakajengwa na shule zikafunguliwa. Lakini waliojaa makanisani walikuwa hasa Wavietnam. Wengine walikuwa wazao wa waliokimbia mateso ya Wakristo huko kwao, wengine walikuja kutafuta riziki ya uvuvi na kazi za ofisi za Wafaransa. Na baina ya Mkhmer na Mvietnam kulikuwa na uhasama wa karne nyingi kwa sababu ya ardhi na vita. Hivyo Mkhmer aliposikia habari za Ukristo alisikia dini mbili za kigeni kwa pamoja: dini ya Mfaransa anayemtawala na dini ya jirani anayemwogopa. Padre wa kwanza wa kabila la Kikhmer, Simon Chhem Yen, alipata daraja takatifu mwaka 1957. Hesabuni wenyewe: tangu Gaspar da Cruz ashuke merikebuni hadi siku ile ilikuwa imepita miaka zaidi ya 400.

Ndugu zetu Waprotestanti walifika mwaka 1923. Mmoja wao, Arthur Hammond, Mmarekani, alitumia miaka mingi ya uhai wake kuitafsiri Biblia katika Kikhmer, na Biblia nzima ikachapwa mwaka 1954. Ni kazi ya kustahiwa, maana katika lugha ile kila neno takatifu lilikwisha kuwa na mwenyewe. Neno "Preah", kwa mfano, hutangulia jina la Buddha, hutangulia jina la mfalme, na Wakristo nao hawakuwa na jingine la kumtajia Mungu. Hata hivyo, walioamini walibaki wachache, na mwaka 1965, serikali ilipovunja uhusiano na Marekani, wamisionari wa Kimarekani wakalazimika kuondoka.

Sasa tunafika mahali pagumu, na tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa wanaosimulia historia ya Kanisa hupenda kupapita upesi. Mwanzoni mwa mwaka 1970 Wakatoliki wa Kambodia walikuwa yapata 60,000, na wengi mno kati yao walikuwa Wavietnam. Mwezi Machi mwaka ule Jenerali Lon Nol alitwaa madaraka, vita ya Vietnam ikavuka mpaka, na chuki ya zamani ikawashwa kama mbuga wakati wa kiangazi. Mwezi Aprili wanaume wa Kivietnam walikamatwa kwa mamia, wakauawa, na miili yao ikatupwa katika mto Mekong. Wengi wao walitoka Chrui Changvar, kijiji cha Wakatoliki kilicho ng'ambo tu ya mji mkuu wa Phnom Penh. Watu waliokuwa kandokando ya mto waliziona maiti zikielea siku baada ya siku. Waliosalimika walifukuzwa kwa makumi ya maelfu kwenda Vietnam ya Kusini. Katika muda wa miezi michache Kanisa la watu 60,000 likabaki na elfu chache.

Na hapo ndipo, wapendwa wasikilizaji, Kanisa la Kambodia lilipokuwa kwa mara ya kwanza Kanisa la Wakhmer. Sala zilizokuwa zikisaliwa kwa Kivietnam na Kilatini zikasaliwa kwa Kikhmer. Wakhmer wenye kutaka kufundishwa dini wakaongezeka, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti vilevile. Tungependa kusema kwamba huo ulikuwa mwanzo mzuri. Hatuwezi kusema hivyo tukasita hapo. Nafasi katika mabenchi yale ilipatikana kwa sababu waliokuwa wakikaa hapo walikuwa mtoni. Wakristo wa Kikhmer hawakuwaua, lakini walirithi nyumba ya ndugu zao waliouawa na watu wa taifa lao wenyewe. Urithi wa namna hiyo haupokelewi kwa nderemo.

Miaka mitano ya vita ikafuata. Wakhmer Wekundu, ambao dunia huwaita Khmer Rouge, walizidi kuukaribia mji mkuu, na Phnom Penh ikajaa wakimbizi wenye njaa. Kila mwenye njia ya kuondoka alikuwa akiondoka. Tunataka kuwataja wawili waliofuata njia ya kinyume.

Wa kwanza ni Taing Chhirc, afisa wa jeshi, Mprotestanti, aliyekuwa akisoma Uingereza. Huko alikuwa salama na familia yake. Mwaka 1973 alirudi Phnom Penh kuwasaidia waamini wenzake, na baada ya mji kuanguka hakuonekana tena.

Wa pili ni padre Joseph Chhmar Salas. Alizaliwa Phnom Penh mwaka 1937, akapadrishwa mwaka 1964, na katika miezi ya mwisho ya vita alikuwa Paris kwa masomo. Askofu Yves Ramousse, Mfaransa, alielewa kwamba wageni wote watafukuzwa na kwamba kundi litabaki bila mchungaji. Akamwandikia arudi. Fikirini barua ile ikifunguliwa Paris, mahali palipo na mkate na amani, na mwenye kuifungua akijua vizuri anaitiwa nini. Injili ya leo yatuambia kwamba Bwana mwenyewe alifadhaika rohoni saa yake ilipokaribia, akajiuliza kama amwombe Baba amwokoe na saa ile. Sisi hatudhani kwamba Padre Salas alisafiri bila fadhaa. Alirudi. Tarehe 14 Aprili 1975, katika siku za Mwaka Mpya wa Kikhmer, Askofu Ramousse alimweka wakfu kuwa askofu, kwa haraka, huku makombora yakianguka mjini. Alikuwa askofu wa kwanza wa kabila la Kikhmer. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Siku tatu baadaye, tarehe 17 Aprili, Wakhmer Wekundu wakaingia Phnom Penh. Mji wenye watu yapata milioni mbili ukaamriwa kuhama mara moja, wagonjwa kwa wazima, wenye vitanda vya hospitali wakisukumwa barabarani. Askofu mpya akahamishwa pamoja na watu wake, akapelekwa mashambani Tangkok, katika jimbo la Kampong Thom, kufanya kazi ya kulima kama wengine wote. Hakuwa na kanisa, wala kiti cha kiaskofu, wala hata ruhusa ya kutamka sala kwa sauti. Mwaka 1977 akafa kwa njaa, kazi na maradhi. Kiongozi wa Wakatoliki wa Battambang, Paul Tep Im Sotha, naye Mkhmer, alikuwa amekwisha kuuawa mapema mwezi Mei 1975. Mapadre na watawa Wakhmer waliobaki nchini walikwisha mmoja mmoja. Kanisa Kuu la Phnom Penh likabomolewa hata msingi wake usijulikane. Serikali ile ilipoanguka tarehe 7 Januari 1979, yapata watu milioni moja na laki saba walikuwa wamekufa kwa kuuawa, njaa na maradhi.

Tusijidanganye kwamba mateso yale yalikuwa ya Wakristo tu au hasa ya Wakristo. Watawa wa Kibuddha walivuliwa mavazi yao na kupelekwa mashambani, mkuu wao Huot Tat akauawa, na pagoda zikafanywa maghala na magereza. Waislamu wa kabila la Cham waliuawa kwa wingi wa kutisha. Wakristo walikuwa tone katika mto huo. Pengine hilo nalo ni sehemu ya jibu tunalolitafuta. Kwa karne nne Ukristo ulikuwa umesimama pembeni mwa maisha ya Wakhmer kama nyumba ya mgeni yenye ukuta. Katika miaka ile mitatu na miezi minane hapakuwa na ukuta. Askofu na mtawa wa Kibuddha walipanda mpunga katika tope lile lile, wakapewa uji ule ule mwembamba, na wakazikwa bila jina katika ardhi moja.

Mwaka 1979 maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Thailand, na katika kambi za wakimbizi, kama ile ya Khao-I-Dang, wengi waliomba ubatizo. Watu wenye kushuku walisema wanaufuata mchele na viza ya kwenda Marekani. Kwa baadhi yao bila shaka ilikuwa kweli. Sisi hatutawahukumu, hata wale makutano wa Galilaya waliomfuata Bwana ng'ambo ya ziwa walikuwa wamekula mikate.

Miongoni mwa waliovuka alikuwamo kijana Christopher LaPel. Wazazi wake na ndugu zake walikuwa wamekufa mikononi mwa Wakhmer Wekundu. Alifika Marekani, akawa mchungaji wa Kiprotestanti, na katika miaka ya 1990 akawa akirudi Battambang kufundisha. Mwaka 1996 alimbatiza mtoni mwalimu mmoja mwembamba, mwenye bidii ya kusoma, aliyefiwa na mkewe muda mfupi kabla ya hapo. Mtu huyo aliungama kwamba ametenda mabaya makubwa sana, lakini hakusema ni yapi. Mwaka 1999 waandishi wa habari wakamgundua. Jina lake lilikuwa Kaing Guek Eav, aliyejulikana kama Duch, mkuu wa gereza la S-21 huko Phnom Penh. Watu zaidi ya 12,000 walipita mikononi mwake kwenda kuuawa.

Tunakiri kwamba sisi wenyewe, tulipoisoma habari hii mara ya kwanza, tulikasirika. Ilikuwaje maji ya ubatizo yampate huyu, na Askofu Salas afe bila hata wa kumpaka mafuta? Mchungaji LaPel alipojua ni nani aliyemzamisha majini kwa mikono yake, hakuutangua ubatizo ule. Alikwenda kumtembelea gerezani. Lakini tusiharakishe kufurahi pia. Mbele ya mahakama, mwaka 2009, Duch alikiri makosa yake na kuomba msamaha, akawalilia waliokufa. Kisha, siku ya mwisho ya kesi, akageuka akaomba aachiliwe huru. Wengi katika waliofiwa walisema wazi kwamba hawayaamini machozi yake. Mwaka 2010 alihukumiwa miaka 35. Mwaka 2012, baada ya rufani, hukumu ikawa kifungo cha maisha. Alifia kifungoni tarehe 2 Septemba 2020.

Je, alitubu kweli? Mungu anajua. Kuna jambo moja tunathubutu kulisema. Mchungaji LaPel aliweza kumsamehe kwa ajili ya wafu wa nyumba yake mwenyewe, nako kulikuwa kusamehe kwa kweli, kwa gharama. Hakuweza kumsamehe kwa niaba ya mama mwingine aliyeingojea picha ya mwanawe kwenye kuta za S-21. Wala sisi, tulio mbali, hatuwezi. Mkristo anayemwambia mjane wa Phnom Penh asamehe kwa kuwa muuaji amebatizwa, anachukua kisicho chake. Kwa hiyo ilikuwa haki abatizwe, na ilikuwa haki afungwe. Ubatizo si hati ya kufutiwa kesi.

Mwezi Aprili 1990 serikali iliwaruhusu Wakristo kukusanyika hadharani tena. Katika Mkesha wa Pasaka, tarehe 14 Aprili 1990, padre Mfaransa Emile Destombes aliongoza adhimisho la kwanza la Pasaka la hadharani mjini Phnom Penh tangu mwaka 1975. Kanisa hawakuwa nalo. Walikusanyika katika ukumbi, na watu mamia kwa mamia wakaja. Tazameni tarehe: ilikuwa miaka kumi na mitano kamili, siku kwa siku, tangu Askofu Salas kuwekwa wakfu. Mwaka 1994 Kambodia na Makao Makuu ya Papa wakafungua uhusiano wa kibalozi. Mwaka 1995 akapadrishwa Mkhmer wa kwanza tangu maafa yale. Wakatoliki na Waprotestanti wakaitafsiri upya Biblia kwa pamoja, na katika kazi hiyo alishiriki Padre François Ponchaud, yule yule aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuuambia ulimwengu, kwa kitabu chake cha mwaka 1977, mambo yaliyokuwa yakitendeka Kambodia, wakati ambapo watu wengi wenye elimu kubwa hawakutaka kumwamini. Ponchaud alifariki Januari 2025.

Na Wavietnam? Walirudi. Baada ya mwaka 1979 wengi walirejea kwenye mito na ziwa, wakaishi tena katika nyumba zinazoelea, wengi wao bila hati za uraia hadi leo. Wakatoliki wa Kambodia sasa ni yapata 20,000 tu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 17, na sehemu kubwa yao ni Wavietnam vilevile. Kanisa liliamua kwamba lugha ya ibada iwe Kikhmer. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa Wavietnam, ambao walikuwa wakiambiwa waiache lugha ya mama zao mbele ya altare, na waiseme lugha ya waliowatupa baba zao mtoni. Wengine wamenung'unika, nasi hatuoni kwamba wamekosa kunung'unika. Lakini Jumapili wanakaa benchi moja na Wakhmer, wanapeana mkono wa amani, na kila mmoja anajua anaupa mkono wa nani. Julai 2022 Papa Fransisko alimteua padre Mkhmer, Pierre Suon Hangly, kuongoza Wakatoliki wa Kompong Cham; tangu miaka ya Salas na Tep Im hapakuwa na Mkhmer aliyepewa uongozi wa namna hiyo.

Huko Battambang, Mjesuiti Mhispania Enrique Figaredo, aliyeteuliwa mwaka 2000 kuwaongoza Wakatoliki wa jimbo hilo, alikuwa ametumia miaka yake ya kwanza nchini kati ya watu waliokatwa miguu na mabomu yaliyotegwa ardhini. Waliwafundisha vijana hao ufundi, na wakawatengenezea viti vya magurudumu. Wengi wa vijana hao walikuwa Wabuddha, na wakabaki Wabuddha. Katika watu hao ulichongwa msalaba ambao Kristo wake ana mguu mmoja. Wa pili umekatika, kama wa wanaoutazama.

Tunarudi kwenye misalaba yetu iliyofunikwa. Askofu Salas alipofukuzwa Phnom Penh alikuwa na msalaba wake wa kifuani, alama ya daraja aliyokuwa nayo kwa siku tatu tu. Kuonekana nao kungekuwa kifo. Ulifichwa. Yeye alikufa, bali msalaba ule ulisalimika. Jamaa zake waliuhifadhi katika miaka yote ile, na Kanisa lilipofunguliwa tena ukarudishwa. Mwaka 2015 ulianza rasmi uchunguzi wa kumtangaza yeye pamoja na wenzake 34 kuwa mashahidi wa imani, Wakhmer, Wavietnam na Wafaransa katika orodha moja. Na kila mwaka waamini husafiri hadi Tangkok, wakasali katika mashamba ya mpunga alikofia, nao kaburi lake hawalijui ni lipi.

Wiki mbili zijazo, Ijumaa Kuu, padre atakapouvua msalaba kitambaa chake pole pole, sehemu ya juu kwanza, kisha mkono wa kuume, tuwakumbuke. Tumkumbuke pia yule mmoja wa Lovek.

Tumsifu Yesu Kristo.